Paina Tatu za Bwana Shamba Januarius

Januarius alikuwa bwana shamba wa pamba hapa Mwamapalala kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo kazi aliyoipenda ni moja tu: kuchoma. Sheria ilisema mavuno yakiisha, mabua ya pamba yang'olewe na kuteketezwa ili funza wasipate pa kujificha. Mabwana shamba wengine walianza kwa onyo. Yeye alianza kwa kiberiti. Na huku kwetu kusiko na misitu, mabua hayo ndiyo kuni.

Soko huria likaja, wanunuzi binafsi wakajaa, naye akapunguzwa kazi. Akabaki na paina zake tatu za uani, miti ambayo miche yake aliitoa Mufindi alikokwenda semina. Kata nzima hakukuwa na nyingine. Maharusi walikwenda kupigia picha pale, naye akasimama katikati yao bila kualikwa. Aliipenda miti ile kuliko alivyotupenda sisi, na alikuwa akitwambia hivyo waziwazi.

Mwaka 1996 paina ya kwanza ikaanza kuwa nyekundu kuanzia kileleni. Bwana misitu wa wilaya akaja, akabandua gome kwa kisu. Ndani mlijaa vijia vyembamba na vidudu vyeusi, vidogo kama punje za ulezi.

"Wanakula chini ya gome, dawa ya kupuliza haiwafikii," alisema. "Zikate zote tatu, uzichome leo hii kabla hawajaruka."

"Hizi mbili ni nzima," Januarius akamjibu. "Tuzipe muda kidogo."

Muda! Mtu ambaye hakuwahi kutupa hata siku moja!

Saa nane mchana kijiji kizima kilikuwa uani kwake, kila mtu na kiberiti mkononi. Shija, asiyevuta sigara wala kupika, alikuja na viwili. Bwana misitu akabandua gome la mti wa pili, kisha la tatu. Vidudu vilevile. Januarius akaingia ndani kuchukua shoka.

Moto ulipowaka alisimama akipangusa macho, akilaumu moshi, na moshi wenyewe ulikuwa unaelekea upande wa pili. Tulicheka, sitaficha.

Mayu Nyanjige, mjane jirani yake, ndiye pekee ambaye hakucheka. Alimsogelea.

"Lia tu, baba," alimwambia. "Mwaka ule ulipochoma mabua yangu, wanangu walilala njaa siku mbili, na unga ulikuwemo ndani."