Akina Dai Jones wa Nant-y-Wern

Tegwen Pugh alizaliwa katika nyumba ya geti, hatua chache tu kutoka relini, na geti lenyewe alilirithi kwa mama yake. Kwa miaka thelathini na mmoja alifunga barabara treni ikija na kuifungua ikishapita. Hakuna hata kondoo aliyegongwa zamu yake, na alipenda kukumbusha watu jambo hilo.

Kijijini Nant-y-Wern jina la ukoo halimfai mtu. Jones wamejaa kila nyumba, kwa hiyo mtu huitwa kwa kazi yake. Yeye alikuwa Tegwen wa Geti, na jina hilo alitembea nalo kifua mbele.

Mwaka 1964 serikali ilitaka kuifunga reli ile ya milimani. Bwana Whitcombe, ofisa kutoka London, aliwakusanya wanakijiji kanisani akawasomea orodha ya wenye tiketi za mwezi. Walikuwa wanne. Treni haiwezi kupandishwa mlima kwa ajili ya watu wanne, alisema.

Tegwen alipandwa na hasira. "Wanne? Mbona mimi kila asubuhi nawapungia mkono kumi na mmoja!"

"Bibi, D. Jones aliandikwa mara nane. Nilidhani karani alipitiwa akarudia jina. Nikabakiza mmoja, wengine nikawafuta."

Kanisa zima liliangua kicheko. Tegwen hakucheka hata kidogo. Alipanda juu ya benchi, na umri wake wa miaka hamsini na minane, akaita kwa sauti ile ile ya kufukuzia kondoo.

"Dai Maziwa!"

"Nipo!"

"Dai Posta! Dai Jiwe!"

"Tupo, mama!"

"Dai Jeneza!"

"Nipo, na mgeni nimeshampima kwa macho!"

Akawaita hadi wa mwisho, wakasimama akina D. Jones wote wanane. Ofisa aliona haya, lakini alikuwa muungwana. Alitoa kalamu akaanza kuandika upya.

"Na wewe, Bibi, jina lako kamili?"

"Tegwen wa Geti."

"La ukoo, tafadhali."

"Ndilo hilo, mwanangu. Ukiifunga reli, wataniita nani?"

Ofisa akaandika alivyoambiwa.

Reli haikufungwa. Tegwen alifariki akiwa na miaka themanini, na jiwe la kaburi lake alilichonga Dai Jiwe mwenyewe. Limeandikwa Tegwen wa Geti. Jina la Pugh hakuna aliyelikumbuka, na siku ya mazishi treni ya saa nne ilipunguza mwendo, ikapiga honi.