Mama Aliyepanda Pikipiki Yangu Gura

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikifika katikati hutacheka. Mimi si mtu wa pombe, na wakati ule sikuwa mgonjwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, giza halijaingia, katika barabara ya Mukurweini kwenda Nyeri, miaka ile ya Emergency, hali ya hatari, mkoloni alipokuwa akipigana na wapiganaji wa msituni.

Nilikuwa dresa, mfunga vidonda wa serikali. Kwetu ni Bungoma, lakini serikali ilinituma Nyeri kushika nafasi ya dresa wa zahanati moja upande wa Mukurweini, ambaye alikuwa amekamatwa na kupelekwa kizuizini. Nyumba nilipewa mjini Nyeri, chumba kimoja katika kota za wafanyakazi wa serikali. Kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda na kila jioni nilirudi, na ilikuwa lazima niwe ndani kabla ya kafyu, saa ya marufuku kutembea nje.

Wagonjwa walikuja, nikawafunga vidonda, wakaenda zao. Hakuna aliyeniuliza kama nina mtoto. Ningewalaumu? Nilikuwa nimekalia kiti cha mtu wao. Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja nikaula nikiangalia ukuta. Upweke ule ulinitafuna, niamini. Kuna siku nilifungua mlango nikasema "nimerudi" kwa sauti, nikijua vizuri hakuna mtu ndani.

Mke wangu Nekesa alikuwa Bungoma na mtoto wetu Wafula, ambaye alikuwa bado anaota meno. Nilipokwenda likizo nilimsihi aje tukae pamoja. Akasema, "Baba Wafula, mimi na mtoto juu ya pikipiki, katika baridi ile, na bunduki kila kona? Nunua gari, hata likiwa bovu. Hapo nitakuja."

Basi nikaanza kupima. Pikipiki yangu ilikuwa kuukuu lakini ilijua njia. Mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na magari yanalala mtaroni huku mimi napita pembeni. Mafuta ilikunywa kidogo. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliangalia pasi yangu, akapapasa mkoba, yakaisha. Lakini gari? Gari walikuwa wanang'oa hata viti, na mwenyewe umesimama mvuani mikono juu. Haya, lakini pikipiki nayo ilikuwa inaniua kwa baridi. Nilivaa koti la jeshi juu ya sweta mbili na bado nilifika kazini vidole haviwezi kushika sindano.

Fundi mmoja Kalasinga mjini Nyeri alikuwa na gari dogo la kijani la kuuza. Kila nikipita aliniita, "Dresa! Pikipiki ni ya kijana. Wewe iko na bibi, iko na toto. Kwa nini nangoja?"

Nilingoja kwa sababu ya kitu ambacho niliona aibu kumwambia. Juu ya pikipiki mtu mmoja anatosha. Ndani ya gari ningeviona vile viti vitupu kila siku, na je, Nekesa akibadili nia?

Jioni moja nilikuwa nateremka kuelekea daraja la Mto Gura. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Sehemu ile haikuwa na watu tena. Nyumba zilikuwa zimechomwa, na wenyewe wamehamishiwa katika kijiji kimoja kikubwa kilichozungukwa na handaki, chini ya ulinzi. Kando ya barabara nikamwona mama mmoja. Alikuwa amevaa ukanda wa kubebea kuni kichwani, ule unaowaacha akina mama wa huku na alama kwenye paji la uso, lakini mgongoni hakuwa na mzigo wowote.

Nilisimama. Ungefanya nini wewe? Kafyu ilikuwa karibu, na mtu aliyekutwa nje alipigwa risasi bila kuulizwa.

"Mama, unaenda wapi saa hii?"

"Nyumbani, ndagitari," akasema. Hivyo ndivyo walivyotamka daktari. "Nyumba yangu ilikuwa hapa. Ati sasa sioni. Watu yangu walienda wapi?"

Nilidhani amechanganyikiwa kwa njaa na ile kazi ya lazima ya kuchimba handaki. Nikamwambia apande, nitamwacha kwa homugadi, wale walinzi wenyeji wa serikali, kwenye kizuizi cha mbele, wao wanajua kijiji chake. Akapanda, miguu upande mmoja. Nilisikia pikipiki ikishuka kwa uzito wake, akashika koti langu. Na sikiliza hili: mgongo wangu ukapata joto. Ule upepo uliokuwa ukinikata kila jioni ulikoma kabisa.

Kwenye kizuizi alikuwepo homugadi mmoja tu, aliyenizoea. Akasoma pasi yangu, akazunguka pikipiki, akarudi mbele.

"Huyu mama amepotea," nikaanza kusema.

"Mama gani?" Alichungulia nyuma yangu, kisha akanicheka. "Wewe daktari, hii baridi imekuingia kichwa. Kesho unibebe mimi, hii kiti yako inakaa bure tu."

Na wakati anasema hivyo, mkono wa yule mama ulikuwa umeshika koti langu. Niliusikia, kidole kwa kidole.

Sikugeuka. Niliondoa pikipiki kwa sababu kubaki pale nikibishana na mtu mwenye bunduki juu ya mama asiyeonekana haikuwa akili. Woga ulinishika. Ndipo mdomo wangu ukafanya kitu ambacho sikuutuma.

Kwetu, mtu akifia mbali, hatumwachi huko. Mzee wa ukoo huenda kumchukua, na njiani humsemesha. Kila mto, kila njia panda, humwambia: sasa tunavuka, sasa tunashika kushoto. Asipoambiwa hubaki nyuma na kupotea. Nimeyasikia maneno hayo tangu utoto. Pale darajani niliyasema.

"Mama, tunavuka Gura sasa."

Vile vidole vililegea kidogo, kama mtu aliyetulia. Nikaendelea. Mama, tunapanda mlima. Mama, hapa ni njia panda, tunakwenda mjini. Nikamwambia na habari za Nekesa, na meno ya Wafula. Ilikuwa ni miezi mingi sijaongea na mtu namna ile, na nakwambia wazi, woga uliisha, nikafurahi. Nilipozima pikipiki mlangoni kwangu nilimalizia kama wanavyomalizia kwetu.

"Tumefika nyumbani, mama."

Uzito ukaondoka. Nilipogeuka hapakuwa na mtu.

Tangu siku ile sikuwahi kuendesha pikipiki ile peke yangu. Asubuhi nikipanda, inashuka mara mbili, mara ya kwanza kwa uzito wangu, mara ya pili kwa uzito wake. Unadhani ni mawazo yangu? Fundi Kalasinga aliinama akatazama nyuma, akaniuliza, "Springi imelala kabisa. Wewe nabeba nani kila siku?"

Siku hiyohiyo nilimwachia pikipiki nikachukua gari. Nilijiambia mama yule ni wa pikipiki, atabaki nayo. Na kweli, siku za kwanza gari lilikuwa kimya. Nilituma habari Bungoma, na Nekesa akapanda treni.

Nilikwenda kumpokea stesheni ya Kiganjo, mchana, jua likiwaka. Nikamwona anakuja na Wafula mgongoni, nikataka kulia. Nikamfungulia mlango wa mbele. Nekesa akachungulia ndani, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Mulembe, mama," akasema, kwa salamu ya kwetu. Kisha akanigeukia. "Hukuniambia una mgeni. Mwache akae hapo hapo, mimi nitakaa nyuma."

Mimi niliona kiti kitupu tu. Nikamvuta pembeni nikamweleza yote, pamoja na maneno niliyoyasema njiani. Yeye ni wa kwetu, aliyajua. Alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika.

"Maneno hayo huambiwa mtu wa damu yako," akasema. "Umempokea, ukamwonyesha mlango, ukamwambia hapa ni nyumbani. Sasa mwenye nyumba yako ni yeye. Mimi na mtoto utatuweka wapi?"

Nilimwomba sana. Alikaa pale stesheni na mtoto hadi treni ya kurudi.

Gari nililiuza, lakini haikusaidia kitu. Bungoma sijakanyaga tena, si kwa kukosa nauli, bali kwa sababu najua sitafika peke yangu, na nyumba ile sasa ina wajukuu wangu. Bado naishi Nyeri. Jioni nikifungua mlango sisemi kitu, lakini chumba huwa na joto tayari.

Kwa hiyo wewe unayepita njia zile jioni, ukimkuta mtu amepotea, msaidie. Mpe chakula, mpe hata koti lako. Ila usimwambie mmefika nyumbani kabla hujamwuliza ni nyumbani kwa nani.