Dada Usipepese na Jicho la Jirani

Kliniki nzima ilimwita Dada Usipepese, kwa sababu kutwa hakuwa na hadithi nyingine. "Weka kidevu hapa. Tazama ile nyota ya kijani. Usipepese." Mgonjwa akitii, mashine inapitisha mwanga na kuichora sehemu ya nyuma ya jicho tabaka kwa tabaka. Haya, anayefuata! Watu aliwaona hadi ndani walikojificha, ila sura zao hakuzijua: chumba giza, nyuso zimezama kwenye mashine. Mtaani wakimsalimia anawakodolea macho, nao wanasema anaringa. Laiti angekuwa na cha kuringia.

Nyumbani alikuwa na mtu mmoja tu: jirani wa chumba cha pili, mjane mwenye mdomo usio na breki. Jioni walikaa koridoni, kila mmoja na stuli yake, jirani akisema, yeye akicheka. Jirani akisafiri, Dada Usipepese alilala mapema, maana redio ukiigombeza haikujibu.

Asubuhi moja aliyeketi mbele ya mashine alikuwa jirani mwenyewe.

"Kumbe ndiyo ofisi hii! Mbona giza, mnaficha nini?"

"Kidevu hapa, jirani. Tazama nyota."

"Nyota gani? Nikiitazama inatoroka."

Dada Usipepese akapiga picha. Katikati kabisa, pale pa kusomea na kutambulia sura, palikuwa na tundu, kama shuka lililochomwa na sigara. Akapiga nyingine. Tundu lilikuwa palepale.

"Mbona kimya? Umeona nini?"

"Daktari atakueleza."

"Nakuuliza wewe."

"Siruhusiwi, jirani."

"Huruhusiwi! Na chumvi yangu unayokuja kuomba, huwa unaruhusiwa na nani?"

Sheria ya kazi ndiyo hiyo: mpiga picha hamsomei mgonjwa picha. Alitafuta neno la kumpoza mwenzake, akaambulia lilelile la kila siku. "Jicho la pili. Usipepese."

Daktari alieleza: upasuaji, jicho lijazwe gesi, kisha wiki nzima alale kifudifudi ili gesi ilikandamize tundu lizibe. Jirani aliyapokea yote. Lililomchoma ni kwamba rafiki yake alijua kwanza, akamfanya mgeni. Jioni ile koridoni palikuwa na stuli moja.

Baada ya upasuaji, wifi yake jirani alimrudisha chumbani, akapika, akaaga. Usiku ulipoingia Dada Usipepese alimsikia kupitia ukutani akiguna kwa maumivu ya shingo. Akachukua glasi ya maji na mrija, akagonga, akaingia. Jirani alilala uso chini ukingoni mwa kitanda. Alichoweza kuona ni sakafu na ndara za mgeni.

"Ndara hizo nazijua. Umekuja kunyamaza tena?"

"Nimeleta maji."

"Yaweke chini."

Akachutama, akamsogezea mrija mdomoni. Jirani akanywa.

"Siku ile ungeniambia ungepungukiwa nini?"

"Ningelia, jirani. Mbele ya mgonjwa."

"Mgonjwa!" Jirani akauachia mrija. "Basi mgonjwa anataka kulala. Nenda."

Akaenda. Akakaa kitandani kwake bila kuwasha taa, sikio ukutani. Baadaye akasikia mrija ukifyonza glasi tupu, krrr, krrr. Akangoja aitwe.

Hakuitwa. Akajaza jagi, akaenda kugonga tena.