Somo la Kumi na Nne

"Miezi miwili, Mwalimu, unanionyesha kiti, dirisha, ubao. Mimi nauzisha makala ya kupikia. Dirisha nitamuuzia nani?"

Ni Maman Adélaïde, jirani yangu wa mutaa wa Cimpunda, alisema vile mbele ya darasa nzima ya Kiingereza, mikono ingali nyeusi. Alitaka neno moja tu: lile la kitu kiko karibu kutokea. Mwalimu Xavier akamujibu lile liko mu somo la kumi na nne, na wao wako la tano. Kama vile mimba inafuata programme yake!

Kijana wa Adélaïde, Cirhuza, alioa binti wa Kampala. Ule binti anasema Kiingereza tu, hajui Kiswahili hata salamu; Kifaransa tusiseme. Sasa Cirhuza anaendesha lori Juba, réseau ya simu hamuna, na bibi yake alibaki peke yake na mimba ya mwezi wa tisa. Bijou, mupwa wa Adélaïde, anaishi pale Kampala, lakini alikosana na ule binti siku ya ndoa. Aliapa: hatamupigia simu, ila Adélaïde akimutuma, atamupeleka kuzaa ku maternité. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya sikio la muuza makala.

Adélaïde akafunga daftari yake. Masomo alilipia nusu mufuko wa makala, nusu ingine alikuwa na deni. "Nusu yako hautaiona mpaka unifundishe."

Xavier akafungua kitabu kwa hasira, akaandika: *about to, on the point of, on the verge of.* Adélaïde akauliza mwanamuke mwenye uchungu anachagua gani. Ule bwana hana bibi, hana mutoto. Akazisoma tena zote tatu, akaonyesha ya kwanza. Siku tatu tukamusikia akiirudilia pale tunapimia makala, mpaka wateja wakadhani ni wimbo.

Ijumaa saa sita ya muchana simu ya Adélaïde ikalia. Ule binti wa Kampala akasema mengi, Adélaïde akakamata lile moja. Akauliza, "About to?"

"Yes, Mama."

Akakata, akapigia Bijou simu: "Enda sasa, hasira utaichukua kesho." Mutoto akazaliwa saa tisa, salama, mu maternité.

Jumamosi Adélaïde akabeba nusu mufuko mugongoni, kamba kwenye paji, akaitupa juu ya meza ya Xavier, vumbi likajaa kitabu. Xavier akasema, polepole, deni iache tu, Maman, nilichelewa mimi.

"Pokea, Mwalimu. Na wengine, uwaanzishie hapo, ku la kumi na nne."