Kisado cha Alfajiri

Kuna wakati, mwanangu, niliamini kabisa kwamba mahindi husinyaa kwa baridi. Wala si kidogo. Niliamini kwamba debe la mahindi lililopimwa adhuhuri hapa Sumbawanga, ukilipima tena alfajiri ya mwezi wa saba, utalikuta limeshuka kiganja kizima chini ya ukingo, kila punje imejikunyata kama mzee aliyenyang'anywa blanketi. Kwa hiyo mwenye akili huuza saa sita mchana, mahindi yakiwa yamevimba, na hununua alfajiri yakiwa yamejikunyata, apate punje nyingi kwa bei ileile.

Nalisema hili leo kwa sababu nawaona mnavyohangaika na bei ya unga, ya sukari, ya mafuta ya kula, na nawaona mnavyomsikiliza kila anayepita na ujanja wake wa kubana matumizi. Mimi niliwahi kuwa na ujanja mkubwa kuliko wenu wote. Kaa nikusimulie.

Nilikuwa tarishi katika ofisi moja hapa mjini, kijana niliyetoka Mbeya na sanduku la bati, nikamwoa binti wa kijiji cha Mwimbi, huyu huyu Mama Sabina unayemjua. Jioni nilisoma masomo ya watu wazima. Nilisoma kwa bidii kiasi kwamba hata benchi nililokalia lilistahili kupewa cheti. Mwalimu wetu, Kalisto, alikuwa kijana mwembamba ambaye akinikuta mtaani ananiamkia shikamoo, lakini akishika chaki mimi ndiye ninayesimama.

Jioni moja akatufundisha kwamba vitu hutanuka kwa joto na husinyaa kwa baridi. Akachora reli ubaoni, akatuonyesha nafasi inayoachwa kati ya chuma na chuma. Jirani yangu wa benchi, Festo, kondakta wa basi la Kasesya, kule mpakani na Zambia, akaniinamia sikioni.

"Umesikia? Hiyo ndiyo siri ya matajiri wa mpakani. Unadhani malori ya pale hupakia alfajiri kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Mahindi yamesinyaa, mshikaji wangu! Lori moja linabeba ya malori mawili. Wakivuka upande wa pili jua limewaka, yametanuka, wanauza."

Nikamuuliza, mbona turubai halipasuki. Akasema hupasuka, ndiyo maana kila lori ninaloliona lina turubai lenye viraka. Nikakumbuka malori yote niliyowahi kuyaona. Kweli, viraka vilikuwepo.

Kesho yake asubuhi nikachungulia chupa ya mawese jikoni. Baridi ya uwanda huu unaijua. Asubuhi ile jogoo aliwika nusu, nusu nyingine ikabaki kooni mpaka saa tatu. Mawese yalikuwa yameganda, na juu ya chupa pamebaki nafasi ya kidole ambayo jana yake haikuwepo. Basi, nikaona elimu yangu imeanza kulipa.

Mwaka ule mama mkwe alikuwa ametugawia magunia ya mahindi kutoka shamba tulilolima naye Mwimbi. Kwa jinsi alivyokadiria, yalitosha kutuvusha mpaka mahindi mabichi ya msimu unaofuata. Akatuongezea na debe la ulezi. Huo ulezi ulikuwa na kazi yake. Mama Sabina alikuwa na mimba changa, na kwao mama aliyejifungua hunywa uji wa ulezi mpaka mwili urudi na maziwa yashuke. Akaumimina kwenye mtungi, akaufunika kwa sahani, akasema, "Huu usiguswe." Kisha akatoka uani akanikuta nimetandika mikeka, nimemwaga mahindi yote juani.

"Baba Sabina, mbona unaanika tena? Mama ameyakausha mpaka yanalia kama kokoto."

"Sikaushi, mama. Natanua."

"Unatanua ili iweje?"

"Tuyauze."

Akaniangalia kama unavyomwangalia mbuzi aliyepanda juu ya bati.

"Yote? Na tutakula nini?"

"Tutanunua. Kidogo kidogo, alfajiri, yakiwa yamesinyaa. Msimu ukifika tutakuwa tumekula, na hela imebaki."

"Na mama nimwambieje?"

"Mwambie mkwe wake amesoma."

Mnunuzi alikuja saa saba mchana na magunia yake ya lumbesa, yale ambayo yakishajaa hushonewa kilemba juu, yakazidi kujazwa. Mwezi ule mji mzima ulikuwa unauza mahindi. Yalirundikwa barazani, yalirundikwa kando ya barabara, nadhani hata mochwari palikuwa na gunia mahali. Bei aliyoitaja ilikuwa ya kumtia mtu huzuni, ila mimi nilikuwa natazama angani.

"Fanya haraka," nikamwambia, "kabla wingu halijaziba jua."

Yule bwana akanitazama, akalitazama jua, akafanya haraka. Sijawahi kufanya biashara na mtu aliyefurahi namna ile. Alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Hela nikaitia kwenye kopo la maziwa, na shughuli ya alfajiri ikaanza. Nilivaa makoti mawili na taulo shingoni, nikashuka sokoni giza likiwa halijaondoka vizuri. Wauzaji saa ile walikuwa wachache mno, wameuzunguka moto wa magunzi, visado vyao, yale makopo ya rangi ya kupimia nafaka, vimepangwa pembeni. Mkubwa wao alikuwa Mama Oliva, mwanamke mwenye sauti inayosikika Kasesya bila simu.

"Huyo anakuja mteja wangu wa barafu! Baba Sabina, leo nikupimie cha baridi au cha baridi sana?"

"Cha baridi sana, mama. Na usikisogeze kwenye moto."

"Nikisogeze ili baridi yake ife? Haya, kisado hiki hapa, kimelala nje usiku kucha kwa ajili yako."

Wenzake wakacheka mpaka moto ukataka kuzimika. Mimi nikalipa alichotaja. Nitabishana naye vipi, wakati moyoni najua namwibia mahindi ya kisado kingine kizima? Nilimwonea huruma, mwanangu. Kuna siku nilimwongezea hela kidogo.

Nikifika nyumbani nilimimina mahindi kwenye sufuria, nikasubiri jua la mchana, nikayapima tena kwa ndoo yetu ndogo. Hayakuwahi kupanda hata punje. Nikailaumu ndoo. Baadaye nikalilaumu jua. Mama Sabina alipita na kuni zake, akaona nimechuchumaa nakisubiri kisado kitanuke, akapita tena na maji, hakusema neno. Ukimwona mwanamke hasemi neno, usidhani amekubali.

Mwezi wa kumi bei ikapanda. Wa kumi na moja, watu wanapanda mbegu na maghala yao yamepungua, ikapanda tena. Sikukuu ya Noeli ikala sehemu yake. Mwezi wa kwanza ulipofika, kisado kilikuwa kinauzwa bei ambayo zamani ingekupa debe zima na chenji ukarudishiwa, na kopo langu la maziwa lilikuwa linatoa sauti ya kopo tu. Mvua zilikuwa zinanyesha, mahindi shambani yalikuwa kimo cha goti, na Mama Sabina alikuwa anatembea ameshika kiuno.

Asubuhi moja nilirudi nyumbani kutoka sokoni na mfuko mtupu. Nilichokuwa nacho mfukoni hakikufikia hata nusu ya kisado, na Mama Oliva safari hii hakunitania. Hilo ndilo lililonitisha. Nikaingia jikoni. Sabina alikuwa amekaa kwenye kigoda anasubiri uji. Nikautazama mtungi wa ulezi, nikaweka mkono juu ya ile sahani.

Mama Sabina alikuwa mlangoni.

"Huo ni wa huyu," akasema, na kidole chake kikaelekea tumboni. Hakupandisha sauti. "Ukiufungua leo, nikijifungua utanipa nini? Utanipa alfajiri?"

Nikaondoa mkono.

Nilikuwa na baiskeli. Niseme tu kwamba hapakuwa na baiskeli nyingine kama ile toka Tunduma mpaka ziwani. Kengele yake ikilia, ng'ombe walipisha na madiwani walipisha. Asubuhi ile ile nikaikokota mpaka sokoni nikaiuza. Nikanunua gunia zima la mahindi, mchana kweupe, jua likichoma, wala sikuuliza kama yametanuka au hayajatanuka. Nikampa mwenye mkokoteni anisukumie nyumbani.

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, wa kiume, mzito. Mtungi ulifunguliwa siku hiyo, ulezi ukasagwa, uji ukapikwa. Mama mkwe alikuja kutoka Mwimbi kumhudumia bintiye. Nilipomweleza kuhusu baiskeli na habari ya kusinyaa, alisema neno moja la Kifipa ambalo mke wangu amekataa kunitafsiria mpaka leo. Nimejaribu kumuuliza akiwa na furaha, nimejaribu akiwa mgonjwa. Anacheka tu.

Sasa nisikilize. Ukiwa na shamba, hata kama ni kipande cha kwenu kijijini, usiuze chochote kabla hujatenga cha kula cha mwaka mzima. Kitenge wewe na mwenzako, mkiwa mmekaa pamoja, kikaushwe vizuri, kifungwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili wadudu wasikitangulie. Kinachobaki ndicho cha kuuza. Na kama huna shamba, kama mlivyo wengi wenu mliokuja mjini kwa kazi za ofisi, basi nunua mavuno yanapoingia, mahindi na maharage, hata kama itabidi viatu visubiri. Gunia likikushinda, tafuta majirani wawili mnunue pamoja mgawane. Kinachowamaliza ni kupimiwa kidogo kidogo, mafuta ya kijiko, sukari ya kwenye kijikaratasi, unga wa leo tu. Peleka mahindi yako mashineni mwenyewe, usilipie mfuko wa unga wenye picha nzuri. Mboga zifuate jioni, mwenye nyanya akiwa anawaza kurudi nazo nyumbani kichwani. Usiende dukani na njaa. Mimi niliwahi kwenda kununua chumvi nikarudi na sambusa.

Na ukisikia njia mpya ya kuokoa hela ambayo haihitaji uweke akiba wala usubiri wala ubishane bei, ipeleke kwanza kwa anayepika nyumbani kwako. Akikuuliza, "Na tutakula nini?" ujue ameshamaliza kufanya hesabu kabla yako. Mjibu vizuri, au acha.

Mungu akupe ghala linalotoa vumbi la mahindi mpaka mvua za mwisho. Akupe watoto wenye kuchoka kula, na mwenzi asiyeogopa kukuuliza swali. Akupe na baiskeli usiyolazimika kuiuza.

Lakini bado sijakuambia ni nani aliyenitoa ujinga. Ni siku ile ile ya baiskeli. Nilikuwa nimeikokota nimefika karibu na soko, nikakutana na Mwalimu Kalisto anatoka na kikapu cha vitunguu.

"Shikamoo, Baba Sabina. Vipi, imepata pancha?"

"Marahaba, mwalimu. Naiuza. Mahindi yamekataa kutanuka."

Akaweka kikapu chini. Nikamweleza yote, Festo, malori, turubai, mawese, makoti mawili. Nilitegemea acheke. Hakucheka, alinisikiliza mpaka mwisho kama anayesikiliza mgonjwa, kisha akaniambia kwa sauti ileile aliyotumia darasani:

"Punje husinyaa kweli, ila kwa kiasi ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona. Wewe uliuza mwezi wa saba, kila mtu anapouza, bei ikiwa chini. Ukanunua mpaka mwezi wa kwanza, kila mtu anaponunua, bei ikiwa juu. Ni hivyo tu. Baridi haihusiki."