Wimbo wa Mwenye Baa

Siku hizo kamera za video zilikuwa chache Nairobi, na kupigwa video ukicheza lilikuwa jambo la kuazima viatu. Nilikuwa na shule ndogo ya densi mtaani Kawangware 46, katika ukumbi wa kanisa. Watoto wangu walikuwa wamepata nafasi moja tu: tupeleke kanda mjini, waamuzi wa mashindano waitazame, wakipenda tuitwe kucheza kwenye jukwaa kubwa. Sharti lilikuwa fupi. Mwenye wimbo tunaouchezea atie sahihi kwamba ameturuhusu.

Sikuona shida. Kila mtu alijua wimbo wetu ni wa nani: wa mwenye baa mmoja wa mtaa wa Kisumu Ndogo. Humo alisifiwa yeye, kimo chake, ng'ombe wa baba yake, na jinsi anavyowanunulia watu vinywaji bila kuwauliza walikotoka. Kwetu, ukimtunza mwimbaji akakusifu, wimbo huitwa wako mpaka unakufa. Nikamwendea na kuku. Akatia sahihi kwa mbwembwe, akagonga na muhuri wa baa, nami nikarudi nyumbani nikiringa.

Siku ya kurekodi, mpiga picha alikuwa amekodi kamera hadi jioni, na alitukumbusha hilo kila alipofuta jasho. Kanda yenyewe ilitakiwa mjini kesho yake. Watoto wamejipanga, sahani ya santuri inazunguka, gitaa la kwanza limeingia, mara mlangoni akasimama mwanamume mwembamba mwenye koti la suti na malapa. Alisikiliza kama mzazi anayemsikia mtoto wake akilia nyumba ya jirani. Nilijua ni nani kabla hajajitambulisha. Mwenye baa alikuwa amejigamba mbele ya wateja kwamba wimbo wake unaingia kwenye video, na huyu, mtunzi wa wimbo wenyewe, alikuwa meza ya pili.

Alipojitambulisha kuwa ndiye mtunzi, mpiga picha akazima kamera. Alisema hataki kesi, alishawahi kunyang'anywa vifaa kwa mambo kama hayo. Nilimfokea, nikamwambia hakuna aliyemuuliza. Kisha nikamgeukia mgeni, nikaomba radhi mbiombio, nikamwekea karatasi mpya na kalamu. Nilikuwa na hasira, lakini zaidi nilikuwa na hofu, kwa maana jua lilikuwa linashuka na watoto wote walikuwa wananitazama mimi. Kwangu mambo yalikuwa rahisi: atie sahihi, tuendelee.

Kalamu hakuigusa.

"Mwalimu, hiyo ngoma si yangu," alisema. "Niliuzia jamaa wa studio, yote, wakati mtoto wangu alikuwa amelazwa. Hata mimi nikiitwa harusi nataka kuiimba, lazima nimuombe kwanza. Na hukataa."

Nikauliza huyo jamaa tutampata wapi sasa hivi. Akasema amesafiri nje, na kurudi kwake hakujulikani.

Basi tukarekodi bila wimbo. Mimi nilipiga debe tupu kama ngoma, wazazi wakapiga makofi, kila mmoja na mwendo wake, na watoto wakacheza huku wakihesabu hatua kwa midomo. Ukiitazama ile kanda utawaona wanavyohesabu. Waamuzi nao waliona, na hatukuitwa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Lakini jioni ile, mpiga picha alipokuwa akikunja nyaya zake, mtunzi aliniomba niweke sahani mara moja tu, asikie. Nikaweka. Watoto hawakungoja niwaambie. Waliingia katikati ya ukumbi wenyewe, na sijawahi kuwaona wakicheza vile, kabla ya hapo wala baadaye. Kamera ilikuwa kwenye sanduku lake. Nilimtazama mtunzi, ameegemea ukuta. Midomo yake ilifuata kila neno la wimbo, mwanzo hadi mwisho, na hakutoa sauti.