Kiti cha Saba

Verna Kessel alikuwa amebakiza wiki saba astaafu alipogundua kwamba kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikosea.

Alikuwa mhasibu katika ofisi ya hesabu za jimbo, ghorofa ya chini ya jengo la serikali, upande usiopata jua. Kila mwaka jimbo lilitoa kitabu kinene cha hesabu zake, na kazi ya Verna ilikuwa kuamua nani aingie humo. Idara na mahakama hazikuwa na utata. Utata ulikuwa kwa vile vyombo vya umma vyenye nafsi yao kisheria: chuo kikuu, mamlaka ya nyumba, bodi ya maji ya vijijini. Vina sheria zao, akaunti zao, wanasheria wao. Lakini ikiwa gavana ndiye anayeteua wajumbe wengi wa bodi, na serikali inaweza kuvilazimisha vifanye itakavyo, basi havina budi kuonekana kitabuni, katika safu yao ya pembeni, ili msomaji ajue serikali imeweka mkono wapi.

Jambo hilo hakulisomea chuoni tu. Mama yake aliuza mayai na krimu shambani, na kitabu cha benki kilikuwa na jina la mama. Lakini hata kununua kuku kumi, ilibidi baba aulizwe kwanza mezani, akimaliza supu. Verna akiwa na miaka minane alishajua kuwa jina lililoandikwa na mkono unaoamua ni vitu viwili.

Ndiyo maana kosa lenyewe lilimuuma.

Mamlaka ya Maonyesho ya Kilimo ilikuwa na bodi ya watu saba. Sheria ilisema gavana atateua watatu, vyama vya wilaya vitachagua watatu, na hao sita watamchagua wa saba. Watatu kati ya saba si wengi. Kila mwaka Verna aliwapelekea dodoso, kila mwaka meneja wao, Dale Schmaltz, alijibu swali la nne, kama gavana ndiye anayeteua wajumbe wengi, kwa neno "Hapana", na kila mwaka Mamlaka ikabaki nje ya kitabu, pamoja na ukumbi wake mpya wa farasi na deni la dola milioni arobaini na moja.

Mwezi huo wa kumi na moja Dale alichelewesha dodoso. Verna akavaa buti za theluji, akaendesha gari mpaka uwanja wa maonyesho kulichukua mwenyewe. Akawakuta kwenye mkutano wa mwaka.

"Ingia, Verna, usisimame mlangoni unatuletea baridi!" Dale alimwita. "Kuna kahawa, na kuna keki ya plamu ya mke wangu. Ukiikataa nitamwambia."

Verna akakaa nyuma na sahani yake. Wajumbe sita walizungumzia paa linalovuja, kisha mwenyekiti akasema sasa ni kiti cha saba. Akachomoa mfukoni bahasha yenye muhuri wa ofisi ya gavana, akaiinua juu.

"Wanaokubali?"

"Ndiyo," wakasema wote sita.

Ndipo akaifungua kusoma jina.

Verna aliweka uma chini. "Samahani jamani. Mmemkubali nani?"

"Huyu hapa," mwenyekiti alisema, akitafuta miwani. "Subiri nimsome."

Watu wakacheka. Dale akamweleza kama anavyoelezwa mgeni: gavana wa zamani ndiye aliyewapa ardhi hii, mwaka hamsini na tatu, na tangu hapo, kwa heshima, kiti cha saba huachiwa gavana.

"Na mkimkataa?"

"Tumkatae kwa nini? Hatujawahi."

"Dale, watatu wake na huyu ni wanne kati ya saba, na swali la nne unajibu hapana."

"Si sheria inasema sisi sita ndio tunachagua? Na tumechagua. Umetuona."

Aliporudi ofisini hakuvua hata koti. Mkuu wake, Curtis Oberlander, alikuwa kijana wa miaka arobaini aliyefundishwa kazi na Verna mwenyewe. Nyuma ya meza yake vilining'inia vyeti ishirini na viwili vya hesabu bora, mfululizo, na pembeni msumari mtupu wa kile cha ishirini na tatu. Cheti hicho Curtis alikusudia kumkabidhi Verna siku ya kuagwa.

Alimsikiliza mpaka mwisho. "Hesabu za Dale zitakaguliwa lini?"

"Mwezi wa pili."

"Tukizingoja tumechelewa: kitabu lazima kitoke kabla ya tarehe thelathini na moja mwezi ujao, ama hatupati cheti. Verna, mama, nisikilize. Hakuna aliyeiba. Tuache, mwaka ujao tutawaingiza kimyakimya."

"Mwaka ujao mimi sipo. Atakayekuja atasoma sheria kama nilivyosoma, ataona watatu kati ya saba, atafunga faili."

"Nitamwambia."

"Utasahau. Ulisahau bodi ya maji, nikakukumbusha mara tatu."

Curtis akakuna shingo. "Unajua itabidi turekebishe hata takwimu za mwanzo wa mwaka. Tuandike kwamba zilikosewa. Watauliza nani."

"Andika ni mimi. Nilikwenda kule kila kiangazi kula soseji na kutazama ng'ombe. Sikuwahi kuhudhuria mkutano hata mmoja."

"Miaka thelathini ya kazi, kisha uage hivi?"

"Wanaotukopesha wanasoma kitabu hiki, Curtis. Wanakifungua, uwanja hawauoni kabisa."

Aliandika waraka kurasa mbili, akataja bahasha, kura na keki, akatia saini. Curtis aliukalia siku mbili. Siku ya tatu aliupeleka kwa wakaguzi.

Verna aliagwa katikati ya mwezi wa kwanza. Palikuwa na keki ya dukani na kadi iliyosainiwa na watu ambao hakuwafahamu. Curtis alitoa hotuba fupi, na kwa kuwa hakuwa na cheti cha kumpa, alimpa kalamu. Msumari ulibaki pale pale.

Kitabu kilitoka mwezi wa tatu, kimechelewa. Dale alimpigia simu nyumbani.

"Umetuweka safu moja na chuo kikuu! Mke wangu anadhani tumepanda cheo."

"Deni umeliona?"

"Nimeliona. Kumbe ni kubwa hivyo likiandikwa peke yake. Nimewaambia wajumbe, mwezi wa kumi na moja bahasha ikija, jina linasomwa kwanza, kisha kura."

"Halafu?"

"Halafu tutasema ndiyo, Verna. Ulidhani nini?"